Atomu Ngeni Ndani ya Fuwele: Ni Nini Huamua Maisha ya Skirmioni?

Fuwele ya chuma na silikoni, atomu moja kwa moja, si sumaku. Hata ikipozwa hadi karibu na sifuri kamili, spini zake, yaani visumaku vidogo vya atomu, hazijipangi. Fuwele ya kobalti na silikoni nayo ni vivyo hivyo. Lakini ondoa baadhi ya atomu za chuma, uweke za kobalti mahali pake, na sumaku itazaliwa kutoka kwa wazazi wawili wasio na usumaku. Tena si sumaku ya kawaida, kwa sababu spini zake zinajisokota. Ni katika mchanganyiko wa nusu kwa nusu, Fe0.5Co0.5Si, ndimo Xiuzhen Yu na wenzake wa kundi la Yoshinori Tokura nchini Japani walimopiga picha za skirmioni kwa darubini ya elektroni. Mwaka ulikuwa 2010, na skirmioni hizo zilikuwa zimejipanga kwa umbali wa nanomita 90 hivi.

Tangu hapo maabara za Ulaya na Asia zimejaribu kubadilisha karibu kila elementi inayobadilishika katika sumaku za aina hii. Vipimo vimerundikana, na maelezo yake yamerundikana zaidi. Nionavyo, sehemu kubwa ya maelezo hayo inachanganya maswali mawili yasiyofanana. La kwanza ni skirmioni inapatikana wapi, yaani kwenye halijoto gani na uga wa sumaku wa nguvu gani. La pili ni kwamba ikishapatikana, itadumu kwa muda gani. Swali la kwanza linatawaliwa na anisotropia kuliko ilivyodhaniwa zamani, na la pili linatawaliwa na vurugu inayoletwa na atomu ngeni. Anayebadilisha atomu huyagusa yote mawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mahitimisho mengi yanapokwenda kombo.

Skirmioni ni fundo dogo la spini. Katikati yake spini zinaelekea chini, pembezoni zinaelekea juu, na kati ya hapo zinageuka hatua kwa hatua bila kukatika. Jina linatokana na Tony Skyrme, mwanafizikia Mwingereza ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiwaza juu ya chembe za kiini cha atomu, wala si sumaku. Walioleta wazo hilo kwenye sumaku ni Alexei Bogdanov na Yablonskii, mwaka 1989, walipoonyesha kwa hesabu kwamba vifundo hivi vinaweza kuwa hali halali ya sumaku ambayo fuwele yake haina kitovu cha ulinganifu. Ilipita miaka 20 kabla ya mtu kuviona.

Kinachosokota spini ni mvutano wa nguvu mbili. Moja inataka spini jirani zielekee upande mmoja. Ndiyo inayofanya chuma cha kawaida kuwa sumaku. Nyingine, iliyofafanuliwa na Igor Dzyaloshinskii mwaka 1958 na Toru Moriya mwaka 1960, inataka spini jirani zisimame kwa pembe mraba. Hii ya pili huchipuka pale tu fuwele inapokosa ulinganifu fulani, na katika fuwele za kirali, ambazo hazifanani na taswira zake katika kioo, huwa na mkono. Kamba ya usumba iliyosokotwa kuelekea kulia hubaki ya kulia uitazame kutoka ncha hii au ile, na msokoto wa spini uko hivyo hivyo. Urefu wa msokoto unatokana na uwiano wa nguvu hizo mbili. Nguvu ya kulinganisha ikiwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya kusokota, msokoto unakuwa mrefu. Katika MnSi, yaani manganizi na silikoni, mzunguko mmoja una nanomita 18, sawa na seli 40 hivi za fuwele.

Nguvu ya tatu ni anisotropia: fuwele hupendelea spini zielekee kwenye mihimili yake fulani na si mingine. Ni ndogo kuliko hizo mbili, na kwa sababu hiyo vitabu vingi huitaja mwishoni, kama jambo la nyongeza. Tutairudia, maana udogo wake unadanganya.

Mwaka 2009, kwenye kinu cha nyutroni cha Garching karibu na Munich, Sebastian Mühlbauer, Christian Pfleiderer na wenzao walipitisha nyutroni ndani ya MnSi wakiwa wameweka uga wa sumaku sambamba na mwali. Kwenye kipokezi yakatokea madoa sita yaliyozunguka kitovu kwa mpangilio wa pembesita. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa skirmioni zilizojipanga. Lakini mfuko walimozikuta ulikuwa mwembamba mno: kelvini moja au mbili tu chini ya kelvini 29, halijoto ambayo usumaku wa MnSi huanza, na uga wa takriban tesla 0.2. Nje ya hapo hali nyingine hushinda. Hiyo ni koni, ambamo spini zote zimeinama kwa pembe moja kuuzunguka mwelekeo wa uga. Koni ndiyo mshindani mkuu wa skirmioni katika sumaku za kirali za mchemraba. Kinachoiokoa skirmioni katika mfuko ule mdogo ni mtikisiko wa joto peke yake.

Kwa hiyo yeyote anayetaka skirmioni zipatikane kwa wingi ana njia chache: aidhoofishe koni, au azinase skirmioni zisiondoke hata pale ambapo koni ina haki ya kutawala.

Tuanze na jambo ambalo kubadilisha atomu hulifanya kwa uwazi zaidi, yaani kubadilisha ukubwa. Katika jamii ya manganizi, chuma na germani, MnGe ina msokoto wa nanomita 3 hivi, ingawa muundo wake wa spini una mambo yake mengine, na FeGe ina nanomita 70. Mtu angetarajia urefu upande taratibu kutoka 3 hadi 70. Sivyo ilivyo. Mwaka 2013 kundi la Japani na kundi la Sergey Grigoriev wa Urusi walionyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba chuma kikifika kati ya asilimia 75 na 80 ya nafasi za metali, msokoto unarefuka kupita kiasi hadi kuwa kama haupo, kisha unarudi ukiwa na mkono wa upande wa pili. Nguvu ya kusokota imepungua, imepita sifuri, na imebadilisha ishara. Fuwele yenyewe haikubadilika mkono. Kilichobadilika ni namna elektroni zinavyousoma mkono huo.

Hapa ndipo udogo wa anisotropia unapodanganya. Cha kutazama ni ukubwa wake ukilinganishwa na mraba wa nguvu ya kusokota uliogawanywa kwa nguvu ya kulinganisha. Mraba huo una maana kubwa. Aloi ikipunguza nguvu ya kusokota kwa nusu huku mengine yakibaki palepale, uzito wa anisotropia unaongezeka mara nne bila anisotropia yenyewe kuguswa. Nimesoma kazi kadhaa zinazosema anisotropia ya aloi fulani ni ndogo sawa na ya fuwele mama, kwa hiyo haihusiki. Kauli hiyo haitoshi. Ilipaswa kuonyeshwa kwamba nguvu ya kusokota nayo haikupungua.

Ushahidi uliowageuza wengi mawazo ulitoka kwenye fuwele ambayo haikubadilishwa atomu hata moja. Cu2OSeO3 ni mchanganyiko wa shaba, oksijeni na seleni. Ni kihami, rangi yake ni kijani iliyokolea, na usumaku wake huanza kwenye kelvini 58 hivi. Mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa ina mfuko wa skirmioni karibu na halijoto hiyo, kama MnSi. Halafu mwaka 2018 Alfonso Chacon na wenzake wa Munich wakaripoti mfuko wa pili, mbali kabisa na wa kwanza, kwenye halijoto za chini. Huo wa pili hutokea pale tu uga unapoelekezwa sambamba na kingo za mchemraba wa fuwele. Ukigeuza fuwele hadi uga upite kwenye mlalo wake, mfuko unatoweka. Mtikisiko wa joto hauna kazi hapo, kwa kuwa joto lenyewe limekwisha. Anisotropia ndiyo inayotenda. Katika Cu2OSeO3 kingo za mchemraba ni mihimili myepesi, na koni inapozungusha spini zake kuuzunguka ukingo inalazimika kuzipitisha karibu na mielekeo migumu. Inalipa gharama kubwa hadi inashindwa. Nguvu iliyokuwa ikitajwa mwishoni mwa sura ikawa imeamua mshindi.

Ukishaelewa hilo, matokeo mengi ya kubadilisha atomu yanasomeka upya. Chukua aloi za kobalti, zinki na manganizi, zenye seli ya atomu 20. Mwaka 2015 Yusuke Tokunaga na wenzake walionyesha kwamba zina skirmioni kwenye halijoto ya kawaida ya chumbani na hata zaidi. Bila manganizi, Co10Zn10 huwa sumaku hadi karibu kelvini 460. Ongeza manganizi kidogo kidogo na kiwango hicho kinashuka: Co8Zn8Mn4 iko karibu na kelvini 300, yaani nyuzi 27 za Selsiasi, na Co7Zn7Mn6 karibu na 160. Kwa mtu anayesaka kifaa cha mezani, habari ingeishia hapo: chagua Co8Zn8Mn4 na uendelee na safari.

Lakini ipoze. Kosuke Karube na wenzake wa taasisi ya utafiti ya RIKEN nchini Japani waliripoti mwaka 2016 kwamba skirmioni za Co8Zn8Mn4 zikipozwa ndani ya uga zinabaki hai mbali chini ya mfuko wake, na zikiendelea kupozwa zinaacha mpangilio wa pembesita na kujipanga kwa mraba. Uga ukirekebishwa na halijoto ikipandishwa, pembesita inarudi. Anisotropia ya aloi hii hukua kadiri joto linavyopungua, na ndiyo inayozivuta kwenye mihimili ya mchemraba. Ugeni wa atomu umezinasa zisife, anisotropia imezipa umbo jipya.

Co7Zn7Mn6 ina jambo la tatu. Manganizi katika muundo huu ina spini zinazogombana: kila moja inataka kupingana na jirani zake, na jiometria hairuhusu zote kuridhika. Mwaka 2018 kundi lilelile liliripoti mfuko wa pili wa skirmioni kwenye halijoto za chini, mbali na ule wa kawaida, ukiwa umevurugika bila safu zilizonyooka. Ugomvi huo wa spini za manganizi ndio uliotolewa kuwa sababu. Ona tofauti: Cu2OSeO3 ina mifuko miwili, Co7Zn7Mn6 nayo ina mifuko miwili, na michoro yao ya hali inafanana ukiitazama haraka. Vyanzo vyake ni tofauti kabisa. Mwaka huohuo, katika bapa jembamba la Co8Zn9Mn3, kundi la Tokura likaona hata vifundo nusu, meroni na antimeroni, vikiwa vimepangana kwa mraba.

Sumaku za polari, ambazo fuwele zake zina mwelekeo mmoja usiofanana na kinyume chake, nazo zinafundisha kwa njia safi zaidi, kwa sababu ndani yake koni haipo. GaV4S8, yenye gali, vanadi na salfa, hujinyoosha kwenye mlalo mmoja wa mchemraba ikipozwa chini ya kelvini 44 hivi, na kwa kufanya hivyo hupoteza ulinganifu kwa namna ambayo msokoto wa koni hauwezi kuundwa. Mwaka 2015 István Kézsmárki na wenzake walipata humo skirmioni za aina nyingine, ambazo spini zake hugeuka kama gurudumu linalobingirika, chini ya kelvini 13. Lakini anisotropia yake ni ya mhimili mwepesi, nayo halijoto ikishuka zaidi inazilazimisha spini zote kusimama upande mmoja. Skirmioni zinakosa nafasi. Sasa toa salfa yote, uweke seleni. GaV4Se8 ni fuwele ileile kwa umbo, ila anisotropia imegeuka ishara: sasa spini zinapendelea bapa badala ya mhimili. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba humo skirmioni zinabaki kuwa hali halali hadi halijoto za chini kabisa zilizopimwa. Elementi moja isiyo na usumaku wake wenyewe imebadilisha hatima yote.

Kishawishi ni kuchanganya salfa na seleni ili kuipanga anisotropia kwa kiwango utakacho. Hilo lilijaribiwa, na uchunguzi wa miuoni uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha matokeo mabaya: michanganyiko ya kati haina msokoto wala skirmioni, ina kioo cha spini, yaani spini zilizoganda ovyo. Ncha mbili zina skirmioni na katikati hamna. Kubadilisha elementi yote ni jambo moja, na kubadilisha nusu yake ni jambo jingine kabisa, kwa sababu nusu huleta vurugu ambayo ncha hazina.

Mfano uliofanikiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa fosfidi ya chuma na nikeli. Madini ya jamii hii hupatikana ndani ya vimondo vya chuma, vya aina ile iliyoanguka Mbozi mkoani Songwe. Fosfidi yenyewe ina ulinganifu unaoruhusu antiskirmioni, ambazo spini zake hujisokota kulia upande mmoja na kushoto upande mwingine, ila anisotropia yake ni ya bapa na inazizuia. Karube na wenzake waliweka paladi kidogo, wakapata Fe1.9Ni0.9Pd0.2P, na anisotropia ikageuka kuwa ya mhimili. Mwaka 2021 waliripoti antiskirmioni kwenye halijoto ya chumbani. Hapa atomu ngeni haikuwekwa kwa kubahatisha: ililengwa nguvu moja inayojulikana, ikageuzwa, na matokeo yaliyotarajiwa yakatokea.

Sasa swali la muda. Skirmioni hazifi kwa kufifia. Katika fuwele nene ni mirija mirefu, na mwaka 2013 Peter Milde na wenzake walionyesha katika Fe0.5Co0.5Si kwamba mirija jirani huungana kama zipu inayofungwa, huku nukta moja ya hitilafu ikisafiri kwenye maungio. Kitu chochote kinachoizuia nukta hiyo kutembea hurefusha maisha ya skirmioni. Atomu ngeni ni kizuizi cha aina hiyo. Ndiyo maana katika MnSi safi, skirmioni zilinaswa kwenye halijoto za chini pale tu fuwele ilipopozwa kwa kasi ya mamia ya kelvini kwa sekunde, ilhali aloi zenye vurugu zinahitaji kupozwa kwa kawaida tu.

Kipimo kizuri zaidi kilifanyika kwa zinki ndani ya Cu2OSeO3. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza waliripoti kwamba zinki ya asilimia 2.5 peke yake ilirefusha maisha ya skirmioni zilizonaswa mara 50, kiasi kwamba zaidi ya nusu yake zilinusurika fuwele ikipozwa kwa kelvini moja tu kwa dakika. Wakahitimisha kwamba kilichoongezeka ni idadi ya vinaso. Kizingiti cha nishati ambacho skirmioni lazima ivuke ili ife hakikubadilika. Hitimisho hilo lina thamani kuliko namba yenyewe, kwa sababu linajibu swali la pili bila kulichanganya na la kwanza.

Na zinki hiyohiyo ilikuwa imewahi kupotosha. Mwaka 2015 iliripotiwa kwamba kuiweka katika Cu2OSeO3 kunaupasua mfuko wa skirmioni kuwa miwili, na nadharia zikaanza kutafutwa. Miaka mitatu baadaye ilionekana kwamba unga uliopimwa ulikuwa mchanganyiko wa chembe zenye viwango tofauti vya zinki. Kila kiwango kilikuwa na mfuko wake kwenye halijoto yake, na kipimo cha jumla kikaonyesha yote pamoja kana kwamba ni fuwele moja.

Anayejua jinsi fuwele hizi zinavyokuzwa hashangai sana. Oksidi ya shaba na oksidi ya seleni hupimwa kwa mizani, zinki kidogo ikaongezwa, vyote vikafungwa ndani ya mrija wa kwatzi uliotolewa hewa. Mrija unalazwa kwenye tanuri lenye ncha mbili, moja ya joto zaidi na nyingine pungufu, na huachwa humo wiki kadhaa. Mvuke husafiri polepole hadi ncha ya pili na fuwele za kijani zinaota ukutani. Zinki haisafiri sawa na shaba. Kiasi kilichowekwa mezani na kiasi kilichoingia ndani ya fuwele ni vitu viwili, na fuwele mbili za mrija mmoja zinaweza kutofautiana. Kuandika kiwango cha mizani kana kwamba ndicho kiwango cha fuwele ni uzembe, na bado unaonekana katika makala za leo.

Kuna bei nyingine ya vurugu ambayo watetezi wa aloi huipitia haraka. Skirmioni zilipata umaarufu wa kiteknolojia kwa sababu mwaka 2010 ilionekana kwamba zile za MnSi husukumwa na mkondo wa umeme wa ampea milioni moja hivi kwa mita ya mraba, mdogo mara laki moja kuliko unaohitajika kusogeza kuta za sumaku za kawaida. MnSi ni fuwele safi. Vinaso vilevile vinavyorefusha maisha ya skirmioni katika aloi vinaishika isisogee. Anayetaka kumbukumbu ya kompyuta inayodumu na pia inayosogezwa kwa umeme kidogo anaomba mambo mawili yanayopingana, na kuongeza atomu ngeni hakumpi yote mawili.

Kwa sababu hiyo ningemshauri mwanafunzi anayeingia uwanja huu, awe Dar es Salaam, Nairobi au Munich, asianze na swali la ni elementi gani haijajaribiwa bado. Apime anisotropia ya fuwele mama kwanza, pamoja na nguvu ya kusokota, ajue uwiano wao. Achague atomu ngeni kwa nguvu anayotaka kuigeuza, kama ilivyofanyika kwa paladi. Apime kiasi kilichoingia kwenye kila fuwele. Vipimo hivyo vinafanyika kwenye maabara ya kawaida. Muda wa nyutroni ni adimu, na maombi yake yaje baada ya hayo.